Sentensi ya Wino Mwekundu

Kwa siku nne sikupata usingizi wa maana kwa sababu ya sentensi moja. Ilikuwa na maneno kumi: "Na wenye pikipiki waliopita juma hili wanasema njia ni salama." Niliyahesabu mara nyingi, kana kwamba yangepungua na kosa langu lingepungua nayo. Sikujua kama sentensi hiyo ni ya kweli, na zaidi ya hapo sikujua ni ya nani. Je, ilikuwa ya mwanafunzi wangu, aliyeisoma kwa sauti mbele ya mama yake? Au ilikuwa yangu, mimi niliyeiandika kwa kalamu nyekundu pembeni mwa daftari lake bila kuuliza mtu yeyote?

Maana kama ilikuwa yangu, basi ni mimi niliyemwambia mama mmoja wa Beu apande pikipiki Ijumaa asubuhi arudi kwenye shamba alilolikimbia.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Butembo, mji wa kwetu, nikapata kazi ya kufundisha Kifaransa katika shule moja ya sekondari mjini Beni, upande wa Beu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, sijaolewa, na wanafunzi waliniita Madame. Karibu nusu yao walinizidi urefu, na mmoja alikuwa na ndevu. Kila asubuhi nilisimama kidogo nje ya mlango nikipitia moyoni sentensi yangu ya kwanza. Nikishaisema, niliirudia tena kimoyomoyo kuona kama ilitoka vizuri, na wakati huo mtu wa benchi la mbele alikuwa ameshauliza swali ambalo sikulisikia.

Katika programu ya darasa la sita la sekondari kuna hotuba ya kushawishi. Zoezi la kwanza niliwaacha wachague mada wenyewe. Wakachagua amani, mazingira, na umuhimu wa elimu. Niliyabeba madaftari hadi kwenye chumba nilichopanga, nikayasoma yote, na karibu yote yalikuwa na ugonjwa mmoja. Kwetu hotuba haianzi mpaka wakubwa wametajwa. Kijana mmoja alimsalimu gavana, meya, bourgmestre wa mtaa, baba paroko, préfet wa shule, kamati ya wazazi, "na ninyi nyote, kila mmoja kwa cheo chake na sifa zake." Salamu zilijaza ukurasa mmoja na nusu. Kisha akaandika mistari minne kuhusu amani na kushukuru kwa kusikilizwa. Hakukuwa na mtu wa kushawishiwa. Nani huku Beni anahitaji kushawishiwa apende amani?

Nilimlalamikia mwenzangu, mwalimu wa hesabu. Alitoka mkoa wa mbali upande wa magharibi, serikali ikamtuma huku, na Kiswahili chake kilikuwa kimechanganyika na Kilingala.

"Madame, tika bango," alisema, yaani niwaache. "Wewe unawaza sana. Hata chai ukipika, unatia introduction, développement, na conclusion. Bape point, tuende kula."

Nilicheka, lakini njia nzima niliwaza kama kweli ninapika chai hivyo.

Wiki iliyofuata niliandika ubaoni zoezi lingine. Chagua mtu mmoja wa nyumbani. Chagua jambo moja unalotaka kweli alikubali. Andika kwa Kiswahili, kile kile cha nyumbani, maana utamsomea. Jumatatu utatuambia alijibu nini.

"Na protocole, Madame?" aliuliza yule wa gavana.

"Ni mutu mumoja. Sema 'Papa', inatosha."

"Na akinipiga?" aliuliza mwenye ndevu.

"Basi hotuba ilikuwa mbaya."

Darasa likacheka, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe nilihisi nimesimama darasani kwa miguu yote miwili. Mawazo yao yalikuja kwa fujo. Mmoja alitaka baba yake akubali kwamba foleni ya maji si kazi ya wasichana peke yao. Mwingine alitaka kaka yake aache kupiga muziki wakati wa mitihani. Wa gavana alitaka bibi yake akubali kutibiwa macho. Niliwaandikia kanuni moja wainakili: hoja tatu, na kila hoja na ushahidi wake.

Msichana mmoja wa benchi la tatu hakucheka wala hakuuliza. Alikuwa mtu wa kimya. Nilijua tu kwamba familia yao ilitoka upande wa Mangina miaka miwili kabla, watu walipokimbia mauaji, na kwamba mama yake alikuwa anauza mafuta ya mawese sokoni. Alinikabidhi brouillon yake, yaani rasimu, mwisho kabisa, akiwa ameikunja mara nne.

Alitaka mama yake akubali kurudi kuvuna kakao. Hoja ya kwanza: miti ile ilipandwa na baba, na baba alikufa kwa ugonjwa katikati ya mavuno, kwa hiyo kuiacha ni kumwacha baba. Ushahidi: alitaja mistari ya miti, mmoja mmoja, na mti uliopandwa siku aliyozaliwa yeye. Hoja ya pili: shamba lisiloingiwa na mwenyewe huanza kuitwa la porini, na mtu mwingine huanza kulima pembeni yake, kisha ndani yake. Ushahidi: aliandika yaliyompata jirani yao. Nilisoma nikasahau kalamu mkononi. Hoja ya tatu ilikuwa na neno moja tu: "Njia." Chini yake hakukuwa na kitu.

Hapa lazima nieleze desturi ya shule zetu, maana kosa lote limekaa humo. Mwanafunzi huandika brouillon. Mwalimu hupita na kalamu nyekundu. Kisha mwanafunzi hunakili upya katika daftari safi, na kile kilichoandikwa kwa nyekundu huingia kama kilivyo. Hakuna anayekijadili. Tangu shule ya msingi tunajua kwamba chekundu ni sahihi. Mimi mwenyewe nilisoma hivyo mpaka nikapata diploma.

Chini ya neno "Njia" niliandika: "Ongeza ushahidi. Mfano: Na wenye pikipiki waliopita juma hili wanasema njia ni salama." Nilitaka aone umbo tu, namna ushahidi unavyoketi chini ya hoja. Nilikuwa na madaftari mengine mengi yakinisubiri, chai ilikuwa imepoa, na sentensi ilinitoka kwa urahisi kama jina langu.

Nakala safi ilipokuja, neno "mfano" halikuwapo. Sentensi ilikuwapo, kwa mwandiko wake mzuri wa kulala upande. Nikaizungushia duara na kuandika pembeni: "Très bien, ushahidi unaogusa!" Nikampa kumi na saba juu ya ishirini, alama ya juu darasani. Nimejiuliza mara nyingi tangu siku hiyo kama niliitambua kuwa yangu. Nadhani niliitambua, na nadhani ndiyo maana nilifurahi.

Jumamosi nilikwenda Butembo kuwaona wazazi, kama kawaida yangu. Baba anauza maharage sokoni, mama anamsaidia kupepeta. Niliwasimulia zoezi langu kwa majivuno kidogo.

"Donc unafundisha batoto kushinda bazazi yao kwa maneno?" baba aliuliza. "Na tunalipa masomo juu ya ile?"

"Ni kushawishi, papa. Si kushinda."

"Mimi muteja akiuliza kama maharage yamekauka, unafikiri nasema nini? Nasema: uma. Anatia moja mu kinywa, anauma. Kama inalia, iko kavu. Maneno ya nini?"

"Kisha anatema chini mbele yangu," mama alisema, "na mimi nafagia."

Niliandika jambo hilo la maharage katika kidaftari changu ili nilitumie Jumatatu. Nililitumia kweli. Niliingia darasani nikiwa na maharage machache mfukoni, nikawagawia benchi la mbele, wakauma, yakalia, na darasa zima likataka kuuma. Nilisema: huo ndio ushahidi, ni kitu ambacho msikilizaji anaweza kukiuma mwenyewe. Nilijiona mwalimu hodari sana kwa muda wa kama dakika kumi.

Kisha wakaanza kueleza walivyojibiwa nyumbani. Baba wa foleni ya maji alisema atafikiri, na Jumapili mtoto wa kiume alionekana na kibidoni cha maji. Kaka wa muziki alipunguza sauti kwa siku moja. Bibi alisema macho yake yanamtosha kuona ujinga wa wajukuu. Tulicheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani akagonga ukuta.

Msichana wa benchi la tatu akainua mkono.

"Madame, mama alikubali."

Darasa likapiga makofi. Wengine walijua hadithi ya shamba, wengine walipiga tu.

"Alikubali kabisa?"

"Ndiyo. Ijumaa asubuhi. Na mujomba."

"Ni nini ilimubadilisha?" niliuliza. Niliuliza kama mwalimu, nikitaka darasa lijifunze.

"Ya miti, alilia tu. Ya jirani, alisema anaijua. Lakini nilipofika ku ile ya njia, akanisimamisha. Akauliza: ni wamotari gani banasema vile? Nikamwambia: hata Madame alihakikisha."

Motari ndivyo tunavyowaita wenye pikipiki za kubeba watu. Sikuwa nimezungumza na hata mmoja. Nilisema "Vizuri," nikageuka kufuta ubao ambao ulikuwa hauna kitu.

Tangu hapo akili yangu ilianza kazi inayoijua. Labda njia ni salama kweli. Labda si salama lakini watafika. Labda mama yule angekwenda hata bila sentensi yangu, na mimi najipa ukubwa nisio nao. Labda mwanafunzi alielewa kwamba ni mfano, akaichukua kwa hiari yake. Labda nikisema, nitamwaibisha mtoto aliyethubutu kufungua kinywa kwa mara ya kwanza. Kila labda ilizaa mbili. Watu wa Beni huuliza habari za njia kabla ya kuuliza habari za watoto, na mimi nilikuwa nimejibu swali hilo bila kuulizwa, kwa kalamu.

Jumanne baada ya masomo nilikwenda mahali motari wanapopakia watu wa Mangina. Walikuwa saba au wanane, wengine wamelala juu ya pikipiki zao kama vitandani.

"Mangina? Panda, Madame!"

"Siendi. Nauliza tu njia iko namna gani."

"Iko bien, muzuri."

"Bien namna gani?"

"Bien ya bien."

Mmoja aliyekuwa anatafuna mahindi ya kuchoma akasema bila kuinua kichwa: "Iko bien mpaka pale itaacha kuwa bien." Wote wakacheka, nami nikacheka ili nisionekane mjinga.

"Wewe ulipita juma hili?" nilimuuliza yule wa kwanza.

"Mimi? Mimi nafanya ya Butembo."

"Sasa unajua namna gani?"

"Madame, uko muteja ao uko polisi ya enquête?"

Mtu mzima aliyevaa koti la mvua lililochanika ndiye aliyenijibu vizuri. Alisema alipita jana na akarudi jana. Hakuona kitu. Mwingine alisema naye alipita Jumapili. Nikawauliza kama wangempeleka mama yao. Yule wa Jumapili akasema ndiyo haraka sana. Mwenye koti aliniangalia, akafunga kifungo kimoja, akasema: "Mama yangu iko Butembo. Abakie kule."

Niliondoka nikihesabu. Wawili walipita, wakarudi. Wawili wanatosha kuitwa wenye pikipiki, na wote wawili walipita katika juma hili. Basi sentensi imekuwa ya kweli! Nilitembea kama hatua ishirini nikiwa na furaha ya mwizi aliyekuta mlango uko wazi. Kisha nikaona ninachofanya. Nilikuwa natafuta watu wa kuijaza sentensi yangu baada ya kuisema, na yule aliyekataa kumpeleka mama yake nilimwacha nje ya hesabu.

Jumatano nilimweleza mwalimu wa hesabu. Tulikuwa tunasahihisha katika chumba cha walimu, muhogo mezani, mvua inapiga bati, ikabidi nipaze sauti kusema siri yangu.

"Uliandika mfano," alisema. "Yeye akanakili. Shida iko wapi?"

"Mama yake anaenda juu ya neno yangu."

"Mama ni mutu muzima. Alikimbia peke yake, atarudi peke yake. Na wewe ukienda kusema ni uongo, huyo mutoto atabaki na nini? Kesho akisema kitu nyumbani, nani atamusikia?"

"Najua."

"Kama unajua, kula muhogo yako."

Sikula. Jambo alilosema ndilo lililonishika kuliko yote. Nilikuwa nimempa mtoto yule sauti, kisha ningeenda mwenyewe kuikata mbele ya watu wa nyumbani kwao. Na kakao ile ilikuwa inaiva kweli. Hoja zake mbili za kwanza zilikuwa za kweli kabisa. Nani aliniambia kwamba woga wangu una akili kuliko haki yake? Nikaamua kunyamaza. Baada ya saa moja nikaamua kusema. Niliandika maungamo yangu kwenye karatasi, yakawa na utangulizi kuhusu jukumu la shule katika jamii. Nikayachana.

Alhamisi, kengele ya mwisho ilipolia, msichana alinisubiri mlangoni.

"Madame, kesho sitakuya. Na Jumamosi pia. Naomba munisamehe masomo."

"Uko mugonjwa?"

"Hapana. Naenda na mama. Alisema: wewe uliyesema, utanisindikiza." Alitabasamu. Sikuwa nimewahi kuona meno yake. "Kwetu ni vile. Mwenye kutoa neno anatembea nalo."

Nilifungua kinywa. Nilikuwa naye peke yangu, hakuna aliyesikiliza, hapakuwa na wakati mzuri kuliko ule. Nikasema: "Vizuri. Muende muzuri."

Alikwisha kufika kwenye geti nilipotambua nilichosema. Mara mbili sasa nilikuwa nimejibu "vizuri" kuhusu safari ile. Nilirudi darasani, nikakaa kwenye benchi la tatu, mahali pake, sijui kwa nini. Kisha nikainuka, nikafunga mlango, nikamuuliza mlinzi wa shule familia ile inakaa wapi. Nilienda kwa miguu ili nisifike upesi.

Nilipita mbele ya nyumba yao mara mbili. Mara ya kwanza nilijiambia nimepotea. Mara ya pili mtoto wa jirani aliniuliza kwa sauti, "Madame, munatafuta nani?" na mama mwenyewe akatokeza kichwa mlangoni.

Ilikuwa nyumba ya mbao, sebule ndogo iliyofagiliwa vizuri. Magunia yamekunjwa karibu na mlango na kufungwa kwa kamba. Visu viwili vya kupasulia kakao viko juu yake. Mjomba, kaka wa mama, alikuwa amekaa uani ananoa panga kwenye jiwe, na kila nilipotaka kuanza kusema, panga lilisema kwanza.

"Mukae, Madame. Leteni kiti ya Madame!"

Msichana akaleta kiti, akasimama nyuma ya mama yake, anang'aa.

"Ndiye huyu!" mjomba alisema kutoka nje. "Mutoto alisema hapa, mimi nikafikiri tulizaa avocat wa korti. Mama yake tangu mwezi wa pili tunamusukuma kama ngombe, hapana. Mutoto anasoma karatasi moja, ngombe inatembea yenyewe."

"Wewe ndiye ngombe," mama alisema, akacheka. Kisha akanigeukia. "Asante, Madame. Mumeona, nilikuwa nimeoza humu ndani."

Wangenipa ndizi, ningekula, ningeshukuru, ningeondoka kabla ya giza, na wangenikumbuka vizuri. Nilikuwa nimepanga sentensi ya kwanza njiani, nikaipitia mara nyingi, na sasa haikuwapo. Nikasema iliyokuwapo.

"Mama, ile ya njia si yake. Ni yangu."

"Ya njia gani?"

"Mu hotuba. Ile ya wamotari. Niliiandika mimi, mu daftari, kama mufano tu. Sikuuliza mutu."

Panga likanyamaza. Mjomba alikuja akasimama mlangoni akiwa bado amelishika.

"Hata mumoja?"

"Siku ile, hata mumoja. Niliuliza Jumanne, mama alikuwa amekwisha kukubali. Wawili walisema walipita na kurudi. Mumoja kati yao alisema hawezi kumupeleka mama yake."

Mama hakuniangalia mimi. Aligeuka nyuma. "Ulijua?"

Msichana alikuwa ameacha kung'aa. Alisema kwa sauti ndogo, kama anayeeleza jambo ambalo kila mtu analijua: "Ilikuwa nyekundu, mama."

Hakuna aliyemuuliza maana yake. Hata mjomba alipita shule.

"Sasa," mjomba alisema, "tunaenda ao hatuendi? Madame, sema. Wewe ndiye professeur."

Wote watatu waliniangalia. Nilihisi hoja zikipanda zenyewe, moja, mbili, tatu, kila moja na ushahidi wake, za kuwabakiza. Nilijua ningeweza. Nilijua hata mahali pa kushusha sauti. Na nilijua kwamba wangefungua yale magunia na msichana yule asingelia mpaka niondoke.

"Sijui, baba," nilisema. "Njia siijui."

"Kumbe hata professeur hapana jua!"

"Sijui."

Mama aliketi juu ya magunia. Aliweka mikono magotini. "Kila mutu ananiambia bakia," alisema. "Kanisani, bakia. Ku soko, bakia. Nilikuwa natafuta mutu mumoja wa kuniambia twende. Nilipompata, sikuuliza sana."

"Kuna mutu kule anaweza kusema kweli?" niliuliza.

Mjomba ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini. Alisema dada wa marehemu alibaki Mangina na anapita njia hiyo kila wiki kuleta ndizi. Lakini yeye na mama hawajasemezana tangu mazishi, kwa ajili ya shamba lilelile.

"Sitamupigia," mama alisema.

"Basi tuende tu," mjomba alisema.

"Mama, kakao zitaoza," msichana alisema. Kisha akaniambia mimi, bila "Madame", machozi yakiwa tayari: "Mbona hamukuniambia kwanza mimi?"

Nilimwambia alikuwa na haki. Nikamwambia hoja zake mbili za kwanza ni zake na ni za kweli, na hakuna aliyezigusa. Hakuonekana kusikia.

Nje watu walianza kufunga vibanda. Ilinibidi niondoke kabla ya giza, lakini sikuinuka. Nilisema tena, polepole, nikimwangalia mjomba na panga lake, ili pasiwe na mtu wa kusema kesho kwamba hakusikia: "Ile sentensi ni yangu. Sikuuliza mutu."

Mama aliinuka. Akatoa simu kwenye kitenge, akaifuta kioo kwa kidole gumba, akaanza kutafuta jina la wifi yake.